Mita 20 na moyo wa mtoto wa Newala

Ni nadra kuiona Tanzania ikikaa juu kabisa ya orodha ya dunia inayohusu afya ya watoto. Mwaka 2016 ilikaa. Watafiti wakiongozwa na Justin Lang wa Canada walikusanya matokeo ya watoto 1,142,026 wa umri wa miaka 9 hadi 17 kutoka nchi 50, wote wakiwa wamepimwa kwa mbio za aina moja, kisha wakazipanga nchi hizo kufuatana na pumzi za watoto wao. Ya kwanza ikawa Tanzania. Zikafuata Iceland, Estonia, Norway na Japani. Marekani, yenye viwanja vya shule ambavyo walimu wengi wa kwetu huviona kwenye televisheni tu, ilishika nafasi ya 47. Mexico ikafunga mkia.

Sifa hii ni tamu, na sioni sababu ya kuitema. Ila ukipanda gari Mtwara ukashukia Newala, au ukaendelea mpaka Masasi, utaona haina msaada mkubwa kwa mwalimu aliyesimama na watoto wake kwenye uwanja wa mchanga. Wastani wa taifa hutengenezwa na wale waliofikiwa na wapimaji, katika shule fulani, mwaka fulani. Haumwambii mwalimu wa Kitangari, wilayani Newala, kama huyu mtoto wa darasa la tano anayekwenda kukaa chini ya mkorosho baada ya kuzunguka uwanja mara moja ni mvivu, ana njaa, ana safura, au ana moyo wenye hitilafu. Ili ajue, lazima kwanza ijulikane mtoto mwenye afya, wa umri huo, wa hapa hapa, anaweza kufika wapi.

Daktari akipima homa ana namba kichwani: nyuzi 37. Akipima damu ana namba: kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, Shirika la Afya Duniani linasema himoglobini ikishuka chini ya gramu 11.5 kwa desilita, huyo ana upungufu wa damu. Kwa pumzi na nguvu ya moyo wakati wa kazi nzito, namba nyingi anazoweza kuzikuta vitabuni zilitokana na watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini, waliokimbia kwenye mashine au kukanyaga baiskeli ndani ya maabara. Akizishusha moja kwa moja mpaka Masasi, anaweza kumwita mgonjwa mzima, au mzima mgonjwa.

Filimbi, simu na mstari wa chaki

Mbio zilizoipa Tanzania nafasi ya kwanza ni rahisi kuliko jina lake la kitaalamu. Zilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Luc Léger wa Chuo Kikuu cha Montréal. Unachora mistari miwili, mmoja huku na mwingine kule, umbali wa mita 20. Unawasha sauti iliyorekodiwa, siku hizi kwenye simu yenye spika. Kila inapolia, mtoto awe ameshakanyaga mstari wa upande wa pili, ageuke, arudi. Mwendo wa kuanzia ni kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika unaongezeka kwa nusu kilomita. Dakika ya kwanza mtoto ana sekunde 8 na nusu hivi za kuvuka, wala hatoki jasho. Akifika dakika ya sita anatakiwa kuvuka kwa sekunde 6 na nusu, kugeuka kwenyewe kunaanza kumchosha, na watoto wanaanza kutoka mmoja mmoja. Anayeshindwa kufika mstari kwa wakati mara mbili mfululizo anasimama, na hatua aliyoishia inaandikwa.

Ugumu wake uko kwenye tabia. Ukiwaambia watoto wa kwetu "kimbieni", wanakimbia kushinda. Wenye nguvu wanafyatuka, wanafika mstari wa pili kabla ya mlio, wanageuka wakicheka wenzao, na kufikia dakika ya tatu wameshajimaliza. Mbio hizi humpa sifa anayetulia. Kwa hiyo kinachopimwa siku ya kwanza ni kama mtoto ameelewa mchezo, na mtu asiyejua hilo ataondoka na daftari la namba zisizo na maana.

Kinachotafutwa nyuma ya mbio hizo ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja. Maabara hukipima moja kwa moja: mtoto anavikwa barakoa iliyounganishwa na mashine, anakimbizwa mpaka ashindwe, na kila pumzi inayotoka inachunguzwa. Uwanjani tunakikadiria tu kutokana na hatua aliyofikia. Kiasi hicho hutegemea mambo matatu: moyo unapiga mara ngapi, kila pigo linasukuma damu kiasi gani, na misuli inafyonza oksijeni kiasi gani kutoka kwenye damu hiyo.

Moyo wa mtoto una mambo yake. Ni mdogo, kila pigo linatoa damu kidogo, kwa hiyo hupiga haraka. Mtoto akikimbia mpaka mwisho wa uwezo wake, mapigo hufika karibu 200 kwa dakika, awe na miaka 8 au 14. Ile kanuni ya watu wazima ya kuchukua 220 ukatoa umri haimfai. Tena mapigo hayo ya juu hayamtofautishi mwenye pumzi na asiye nazo, maana wote wawili watagonga 200. Tofauti iko kwenye damu inayosukumwa na kila pigo, na kwenye kasi ya mapigo kushuka mtoto akishasimama. Mwalimu mwenye saa ya mshale anaweza kuihesabu hiyo ya pili kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono.

Vitabu husema mvulana mwenye afya ambaye hajafanya mazoezi maalumu hutumia takriban mililita 48 hadi 50 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika, na wastani huo haubadiliki sana tangu utotoni mpaka ujana. Wasichana huwa chini kidogo, na hushuka wakikaribia kubalehe. Hapo kwenye "kwa kila kilo" ndipo penye mgogoro.

Baiskeli ya Mnorwe

Mwaka huo huo wa 2016 ambao bado tunausherehekea, ungeweza kufungua jarida la Uingereza la tiba ya michezo lililotoa orodha ile, ukarudi nyuma miaka kumi, na kukuta habari nyingine. Mwaka 2006 Anders Aandstad na wenzake walichapisha humo ulinganisho wa watoto wa miaka 9 na 10: 156 wa Tanzania na 379 wa Norway. Hawakutumia mbio. Walitumia baiskeli ya mazoezi, iliyofungwa isiende popote, ambayo uzito wa kukanyaga huongezwa hatua kwa hatua mpaka mtoto ashindwe.

Kwa oksijeni yote kwa jumla, watoto wa Norway walikuwa mbele, jambo la kutarajiwa kwa sababu walikuwa wakubwa zaidi kwa mwili. Walipogawanya kwa kilo za uzito, pande mbili zikalingana. Walipogawanya kwa hesabu nyingine, ambayo wataalamu wengi huona ndiyo ya haki kwa miili ya ukubwa tofauti, Wanorwe wakawa mbele tena. Nchi zilezile mbili: kwenye mbio Tanzania ni ya kwanza na Norway ya nne, kwenye baiskeli Norway inatangulia au tunatoka sare.

Baiskeli yenyewe ina upendeleo. Humpima vizuri mtoto aliyekua akiendesha, ambaye mapaja yake yamezoea kukanyaga. Masasi baiskeli ni chombo cha baba cha kubebea kuni, mkaa na magunia ya korosho. Mtoto wa miaka 9 akiigusa ni kwa kuiiba, tena anaiendesha amepenyeza mguu chini ya fremu kwa sababu hafikii kiti. Ukimpandisha juu ya chombo kigeni mbele ya watu wenye makoti meupe, miguu itagoma kabla ya moyo.

Lakini hata mbio zina upendeleo, na huu unatuhusu zaidi. Chukua watoto wawili wa kufikirika. Wa Newala ana kilo 26 na hutumia mililita 1,248 za oksijeni kwa dakika. Wa Oslo ana kilo 34 na hutumia 1,632. Gawanya kwa kilo, kila mmoja anapata 48, wako sawa kabisa. Gawanya kwa ile hesabu ya pili, yaani uzito ukiwa umepandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, na wa Oslo anamzidi wa Newala kwa karibu asilimia 9. Hakuna aliyekimbia zaidi wala kupumua tofauti. James Tanner, mtaalamu maarufu wa ukuaji wa watoto wa Uingereza, alionya juu ya upotofu wa kugawa kwa kilo tangu mwaka 1949, na bado ripoti nyingi hugawa hivyo kwa sababu ni rahisi.

Kwa nini jambo hili la kihesabu liwahusu watu wa Mtwara? Kwa sababu ya udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mwepesi. Kwenye mbio anabeba mwili mdogo, na kwenye hesabu anagawiwa kwa namba ndogo. Atapata alama nzuri, wataalamu watamsifu, na jioni atarudi nyumbani kula ugali wa muhogo bila mboga ya maana. Kwa hiyo nikisikia watoto wetu ni wa kwanza duniani, swali langu la pili ni kilo zao na urefu wao. Mwenye kupima pumzi bila mizani na rula ya urefu anajidanganya, na sisemi hivyo kumkatisha tamaa mtu.

Wanapoishi

Wengi huzitaja Masasi na Newala kwa pumzi moja kama miji ya Uwanda wa Makonde. Newala ni ya huko kweli kweli: imekaa kwenye ukingo, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, ukaliona bonde la Ruvuma na upande wa Msumbiji. Masasi iko chini, magharibi ya uwanda, katikati ya majabali makubwa yaliyosimama peke yake kama Mkomaindo na Mtandi. Kwa mpima pumzi tofauti hii ina uzito, kwa sababu ya vitu viwili: mchanga na maji.

Mchanga kwanza. Viwanja vingi vya shule kule juu ni vya kichanga. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima gharama ya kukimbia mchangani wakakuta mwili unatumia nguvu takriban mara 1.6 ya ile ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Hao walitumia mchanga mkavu, laini, na uwanja wa shule uliokanyagwa miaka 40 hautakuwa hivyo. Bado mtoto wa Newala akiishia hatua ya tano kwenye mchanga hawezi kulinganishwa na wa Reykjavik aliyeishia ya tano ndani ya ukumbi wa mbao. Ukitaka kulinganisha, tafuta sakafu ngumu: barabara ya lami isiyo na magari, ukumbi wa kanisa, veranda ndefu ya madarasa. Tena watoto wengi hukimbia pekupeku, na hilo nalo liandikwe.

Maji yana historia ndefu zaidi. Uwanda wa Makonde unanyonya mvua mpaka chini kabisa na hauachi mto wala kijito juu yake. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya watu wa huko, aliandika juu ya shida hiyo. Vizazi vya wanawake na watoto vilishuka makorongo mpaka kwenye chemchemi za bondeni na kupanda tena na vibuyu na mitungi, baadaye na ndoo. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 uliyapandisha maji kwa pampu na mabomba, na tangu hapo historia ya Newala ni historia ya pampu inayofanya kazi na pampu iliyoharibika.

Kupanda mteremko wa aina hiyo na ndoo kichwani ni kipimo cha moyo ambacho hakuna daktari aliyethubutu kukibuni. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jambo lililowashangaza wataalamu: wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea mizigo tangu utotoni waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia oksijeni ya ziada katika mwendo. Walikuwa wamejifunza kutembea kwa namna inayookoa nguvu. Msichana wa miaka 11 wa Newala mwenye ndoo kichwani yuko kwenye shule hiyo hiyo, ingawa hakuna alama atakayoandikiwa kwa hilo.

Mambo yanabadilika, tena kwa heri. Shule nyingi zimejengwa vijijini tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002, na umbali wa kwenda darasani umepungua kwa watoto wengi. Bomba likitoa maji, hakuna wa kushuka bondeni. Bodaboda imefika kila kitongoji, na mtoto wa mwenye duka hupelekwa shule na kurudishwa. Hakuna mzazi mwenye akili atakayetaka binti yake arudie korongo ili moyo wake upate zoezi. Ila kila kilomita iliyopungua ni zoezi lililoondoka, na Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kutoka jasho. Tukitaka kujua kama pengo hilo linajazwa na mpira, rede na kombolela, au linajazwa na simu ya mama, tunahitaji namba za leo za kulinganisha na za miaka kumi ijayo.

Wakenya wameshatuonyesha tofauti inavyoweza kuwa. Henrik Larsen wa Denmark aliwapima wavulana wa nyanda za juu za Bonde la Ufa waliokuwa bado hawajaanza mazoezi: wa kijijini walikuwa na takriban mililita 55 kwa kilo, wa mjini takriban 50. Kisha mwaka 2013 kundi jingine likachapisha vipimo vya vijana 30 wa Kinandi ambao safari yao ya kwenda shule na kurudi ilikuwa wastani wa kilomita 7.5 kwa siku. Wavulana walifika 73.9 na wasichana 61.5, namba ambazo Ulaya huzikuta kwa wanariadha. Hao wote ni watoto wa eneo karibu moja, wa kabila karibu moja. Anayetafuta wenye mbio atawapata wenye mbio, na anayeokota darasa zima atapata darasa zima. Kwa Masasi na Newala tunahitaji darasa zima, pamoja na wale wanaojificha chooni wakisikia filimbi.

Damu

Hapa ndipo suala linaponigusa zaidi, kwa sababu pumzi za mtoto wa kusini mwa Tanzania haziamuliwi na moyo peke yake.

Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye himoglobini 12 ana nafasi ya mililita 160 hivi katika kila lita ya damu. Mwenye 9 ana nafasi ya 120. Moyo wake unaweza kuwa mzima kabisa na bado robo nzima ya shehena haipo. Ni lori zima lililotoka ghala la korosho likiwa na magunia pungufu, haliongezi mzigo hata likikimbia vipi. Kwa hiyo moyo hupiga haraka mapema, mtoto huchoka mapema, na anaitwa mvivu. Malaria hula damu. Selimundu huiharibu. Minyoo ya safura hunyonya polepole, mwaka baada ya mwaka, hasa kwa wanaotembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Kichocho hupatikana kwenye maji yenye konokono wake, yale ya mabwawa, majaruba na kingo za mito, na mtoto wa bondeni huogelea humo kila siku.

Mwanafiziolojia C. T. M. Davies alilishughulikia hili zamani. Mwaka 1973 alichapisha makala mbili kuhusu watoto wa Afrika Mashariki na kazi ngumu. Ya kwanza ilitoa viwango vya kawaida vya wavulana na wasichana wa mjini na vijijini. Ya pili ilieleza kichocho, upungufu wa damu na utapiamlo hufanya nini kwa watoto hao. Naupenda mpangilio wake: alianza na wenye afya, ndipo akaenda kwa wagonjwa. Ni zaidi ya miaka 50 iliyopita, na watoto wa leo si wale.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka Kwale, pwani ya Kenya, kwa watu ambao maisha yao yanafanana zaidi na ya Mtwara kuliko ya Eldoret. Michael Latham, mtaalamu wa lishe aliyezaliwa Tanganyika na kufanya kazi katika Wizara ya Afya kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Cornell, akiwa na Lani Stephenson, Stephen Kinoti na wenzao, waliwapandisha na kuwashusha wavulana wa shule za msingi kwenye benchi kwa mwendo maalumu, wakahesabu mapigo yao walipoketi. Ni kipimo kilichobuniwa Harvard wakati wa Vita Kuu ya Pili, hakihitaji hata uwanja. Kisha wakawapa baadhi dawa ya kichocho au ya minyoo na wengine dawa isiyo na kitu. Matokeo ya mwaka 1990 yalionyesha wavulana wenye kichocho na safura waliopewa dawa wakipata pumzi na hamu ya chakula. Yale ya 1993 yalionyesha jambo hilohilo miezi minne baada ya dozi moja tu ya albendazoli. Dozi moja, na moyo ukapiga taratibu zaidi kwenye benchi lilelile.

Dawa hizo hugawiwa mashuleni Masasi na Newala katika kampeni za kingatiba. Watoto hupangwa mstari, hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama ili kukadiria vidonge vya prazikwanteli, humeza, hurudi darasani. Rekodi zinazobaki ni za vidonge vilivyomezwa. Ingechukua asubuhi moja ya ziada, kabla na miezi minne baada ya hapo, kujua kama vidonge vimerudisha pumzi.

Ifakara wameshaanza

Asidhani mtu kwamba ninaota. Huko Ifakara, Taasisi ya Afya Ifakara na Waswisi wa Basel wameendesha mradi uitwao KaziAfya, pamoja na wenzao wa Ivory Coast na Afrika Kusini. Itifaki yake ilichapishwa mwaka 2020. Watoto wa madarasa ya chini ya shule za msingi walipewa vipindi vya mazoezi, au virutubisho, au vyote viwili, na pumzi zao zikapimwa kwa zile mbio za mita 20 za Léger. Kumbe basi Tanzania kuna watu wenye ujuzi wa kuzisimamia mbio hizo katika shule za kawaida za vijijini, kwa Kiswahili, kwenye joto. Kutoka Ifakara mpaka Masasi si mbali kuliko kutoka Basel.

Masasi yenyewe ina historia ya tiba ya kutosha kulibeba jambo hili. Kuna Hospitali ya Mkomaindo, kuna hospitali ya Wabenediktini ya Ndanda, na Mtwara sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa mtoto ambaye daktari atahisi moyo wake una kelele. Akihitaji zaidi ya hapo, kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na Dk. Leader Stirling, aliyekuja kwenye misheni ya Masasi mwaka 1935, akajenga hospitali ya miti na udongo Lulindi na baadaye akawa Waziri wa Afya, alikuwa pia Skauti Mkuu wa nchi. Mtu aliyekata matumbo asubuhi na kuwakimbiza vijana jioni asingehitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa hivi pumzi za mtoto wa shule hupata mtazamaji msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tu, timu za shule, kata na wilaya zinapochujwa. Mchujo una kazi yake, lakini kazi hiyo ni kuwaacha wengi. Anayebaki ni mwenye kasi au mwenye chenga. Mtoto wa katikati, ambaye ndiye kipimo cha afya ya shule, hurudi nyumbani hajaandikwa popote. Somo la Sanaa na Michezo la mtaala mpya lingeweza kumfikia, likipata mwalimu asiyelitumia kumalizia hisabati.

Wasichana wanahitaji mpango wao. Msichana aliyevaa sketi ya shule na hijabu, wavulana wakiwa wamejipanga pembeni wakicheka, ataacha kukimbia muda mrefu kabla moyo wake haujaomba. Apimwe na wenzake, mwalimu wa kike akiwa na filimbi, na nguo za michezo zitafutwe mapema. Wakati mwingine najiuliza kwa nini hakuna aliyejaribu kutumia ngoma ya sindimba: mdundo upo, kasi inapandishwa na mpiga ngoma, na hapo wasichana wa Kimakonde hawamwonei mtu haya. Lakini nakiri itakuwa vigumu kuilinganisha na Iceland.

Kama halmashauri mojawapo ikitaka kuanza, vitu vinavyohitajika vinaenea kwenye kikapu: utepe wa mita 20, simu yenye spika, mizani, kipimo cha urefu, kile cha kutoboa kidole kupima damu, na muuguzi. Ifanywe asubuhi na mapema, nje ya msimu wa korosho, maana kuanzia Oktoba watoto wengi wako shambani wakiokota na huja shule wakiwa wamechoka. Wazazi waulizwe kwanza: nani ana pumu, nani ana selimundu, nani amewahi kuzirai akikimbia; hao wamwone daktari kabla ya kukanyaga mstari. Siku ya kwanza iwe ya kujifunza mchezo, na kisiandikwe kitu. Kila hatua iandikwe pamoja na umri, kilo, urefu, himoglobini na aina ya uwanja.

Mahali pa kuandikia ndipo penye tatizo la kweli. Kadi ya kliniki ya mtoto wa Tanzania, ile ambayo mama huitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa, mchoro wake wa ukuaji unaishia miaka mitano. Baada ya hapo mtoto haendi kwenye mizani mpaka augue. Ukurasa mmoja ulioongezwa nyuma ya kadi hiyo, wenye mstari wa kila darasa la shule ya msingi, ungemfuata mtoto hata wazazi wakihamia Masasi kutoka Newala kutafuta vibarua, na mwalimu wa shule mpya angejua tangu siku ya kwanza kwamba huyu mwaka jana alifika hatua ya sita, na mwaka huu amekaa chini ya mkorosho kwenye ya pili.